Kesi ya Jongoo na Makalio ya Jumbe

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama watu waliolala njaa? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo sawa. Kunjeni miguu mnisikilize. Nyinyi mna miwili miwili tu, haina kazi kuikunja. Ninaowasimulia leo walikuwa nayo mingi.

Zamani hizo, kabla bibi yake bibi yangu hajaota jino, kulikuwa na kijiji kando ya mto. Kijijini humo aliishi mjane mmoja, jina lake Mwajabu. Ng'ombe hana, mbuzi hana. Alikuwa na bustani ya mboga nyuma ya nyumba, na kando ya bustani lundo la majani. Kila asubuhi alifagia majani, akayatupa pale. Majani yakaoza. Jongoo wakaja. Wakala, wakala, wakala, nyiri-nyiri-nyiri, mpaka majani yakawa udongo mweusi laini. Udongo huo Mwajabu aliutia bustanini, na mchicha wake ukawa gumzo la kijiji.

Sasa, kijiji hicho kilikuwa na sheria yake. Anayemlisha mnyama ndiye mwenye mnyama. Mnyama akidhuru mtu, aliyemlisha ambebe, avuke naye mto, akae naye huko ng'ambo peke yake mpaka masika yaishe. Tena amlishe asife. Hakuna kubembelezana.

Basi siku moja, mchana, mawingu ya kwanza ya masika yanajikusanya, Jumbe Mhando, mkuu wa kijiji, alikuwa kitandani kwake ameshiba. Anakoroma, khoroo, khoroo. Mara, ng'wa!

"Yalaaa! Nimekufa mimi!"

Watu wakaja mbio. Jumbe akatoka nje ameshika makalio kwa mikono miwili, anarukaruka.

"Umeumwa na nini, Jumbe?"

"Sikumwona vizuri! Mrefu! Ana miguu mingi, mingi, mingi!"

Watu wakatazamana. Kwa watu wale, wote wenye miguu mingi walikuwa kitu kimoja. Hakuna aliyewahi kujisumbua kuwatenganisha. Macho yakaenda taratibu mpaka kwenye lundo la Mwajabu.

"Miguu mingi ni jongoo," akasema Jumbe kwa sauti ya mgonjwa. "Na anayelisha jongoo hapa ni nani?"

Mwajabu akapiga hesabu upesi. Mbegu zake za maboga alikuwa ameshazichagua, anasubiri mvua tu. Masika akiyamaliza ng'ambo hatapanda. Asipopanda, mwaka mzima atakula nini?

"Jumbe, jongoo wangu hawaumi!"

"Utasema barazani, keshokutwa. Na uanze kufunga vitu vyako."

Mwajabu hakufunga kitu. Alikwenda moja kwa moja kwa Bibi Nakuzelwa.

Bibi huyo ndiye tunayemkumbuka hadi leo. Alikuwa mzee kuliko wazee, na kazi yake ilikuwa kuchuchumaa kutwa nzima akitazama wadudu. Watu wakimcheka. Ukimwambia, "Shikamoo, Bibi," anaitikia, "Marahaba, angalia usimkanyage nge wangu." Buibui wa darini kwake hawakufagiliwa. Mgeni akishangaa, Bibi humwambia, "Huyu ana miguu minane na kazi yake ni kula mbu. Wewe mwenye miwili, mbu umekula wangapi?"

Mwajabu akamweleza yote huku analia. Bibi akauliza jambo moja tu.

"Aliyemuuma Jumbe, alitembea au alikimbia?"

"Anasema alipotea kabla yeye hajageuka."

"Ehee! Jongoo akitoka hapa leo, mlangoni anafika kesho. Futa machozi, mwanangu. Nipe vyungu viwili na jongoo mmoja mnene."

Bibi akatwaa fimbo na chungu kimoja, akaenda kwa Jumbe kumpa pole. Jumbe alikuwa uani amelala kifudifudi, anakandwa maji moto. Bibi akamwita mkewe, Mama Semeni, wakaingia chumbani wawili, wakainama chini ya kitanda. Wakatazama. Wakatazamana. Pakasikika charararara! Halafu pu! Bibi akatoka na chungu kimefunikwa.

Siku ya baraza ikafika. Watu wote wamekaa, isipokuwa Jumbe. Yeye alisimama.

Bibi akaweka vyungu viwili katikati. "Humu mna jongoo wa Mwajabu, na humu mna tandu niliyemkuta chumbani kwa Jumbe. Kila mmoja nimempa majani yaliyooza na mende mzima. Wamekaa navyo siku mbili. Haya, njooni mtazame."

Wakafunua cha jongoo. Majani yametobolewa matundu matundu. Na mende je? Mende mzima, amepanda mgongoni kwa jongoo, anachezesha ndevu zake.

Wakafunua cha tandu. Majani vilevile yalivyowekwa. Na mende je?

"Yako mabawa tu!" wakapiga kelele.

"Sasa tazameni miili. Wote wana pingili pingili kama muwa. Jongoo ana miguu minne katika kila pingili, na hana haraka. Ukimgusa anajiviringa, ukimsumbua anatoa harufu mbaya, basi. Tandu ana miwili tu katika pingili, mwili bapa, mbio kama mwizi. Na hapa chini ya kichwa ana chonge mbili zenye sumu. Jumbe, hebu tuonyeshe."

"Niwaonyeshe nini?"

"Ulipoumwa."

"Mbele ya watu?"

"Wewe ndiye uliyewaita."

Jumbe akageuka, akapandisha nguo kidogo, kidogo sana. Wazee wakasogea, wakakohoa, wakahesabu. Matundu mawili, yamekaa jirani.

Mwajabu akapumua. Lakini Jumbe alikuwa mwepesi wa maneno. "Sawa, ni tandu. Tandu halishwi na mtu, basi kesi imekwisha. Twendeni nyumbani."

"Ngoja," akasema Bibi. "Tandu anakula nini?"

"Mende!" wakajibu watu.

"Na mende anakula nini?"

Hapo Mama Semeni akainuka na ungo wake, akaumwaga chini. Maganda ya karanga. Vipande vya muhogo wa kuchoma. Mifupa ya kuku, mingi.

"Haya yalikuwa chini ya kitanda chake, alikonikataza kufagia. Kuku wangu watatu! Na aliniambia wamechukuliwa na kicheche!"

Baraza likaangua kicheko, watu wakashikana wasianguke. Bibi peke yake hakucheka. "Jumbe kamlisha mende. Mende kamlisha tandu. Tandu kamla Jumbe. Huyu si tandu wa porini, ndugu zangu. Huyu amefugwa, tena vizuri."

Jumbe akalamba midomo. "Sheria hii ni ya zamani mno. Nadhani tuitazame upya."

"Juzi, ilipokuwa ya Mwajabu, mbona haikuwa ya zamani?" akauliza Bibi.

Jumbe akamgeukia Mwajabu. "Mwanangu, niombee."

Mwajabu alikuwa na hasira, tena hasira ya haki. Akamtazama usoni. "Jumbe, wewe ungeniombea mimi?"

Jumbe akainama. Akachukua chungu cha tandu, akavuka mto.

Mvua zikaja. Mwajabu akapanda maboga yake akiimba, na furaha ikamtoa machozi. Na ng'ambo, masika yote, Jumbe alishinda akikimbiza mende kwa mikono yake mwenyewe ili tandu asife njaa. Anainua jiwe, mende huyoo! Anainua gogo, mende huyoo! Alikonda mpaka nguo zikamzidi.

Masika yalipoisha akarudi, na hakuanzia nyumbani kwake. Alipiga hodi kwa Mwajabu, akainamisha kichwa.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuhukumu kwa kuhesabu miguu."

Mwajabu akamsamehe. Akampa boga moja, akamwambia, "Ule na mkeo, mezani."

Bibi Nakuzelwa alikufa zamani, lakini watu wa kijiji kile wamebaki na mazoea yake. Mtu hatupiwi lawama kwa sababu anafanana na mwenye kosa. Huangaliwa kwanza anavyoishi, anakula nini, anaficha nini. Ukitaka kuhukumu, chuchumaa kwanza utazame.

Hadithi yangu imeishia hapo. Miguu niliyoweza kuihesabu ni hiyo, iliyobaki hesabuni wenyewe.