Kuku Wasiopenda Ukali

Bwana Ngwilizi aliliendesha shamba lake la kuku kwa kufoka. Wafanyakazi walipanga mayai kwenye trei juani, wamesimama, na kadiri alivyofoka ndivyo trei zilivyopungua. Asubuhi moja akatangaza kwamba mayai yasipoongezeka, wote watafute kazi kwingine.

Sikudhani, mwokota mayai, akamsogelea kwa adabu. "Bosi, sisi utufokee tu, tumezoea. Ila kuku wakisikia ukali, hawatagi."

"Kuku wangu?" Sauti ya bosi ikashuka papo hapo.

"Na joto la bandani linawamaliza. Ungewawekea feni. Sisi tupangie mayai humo humo, tumekaa, wasishtuke."

Feni za kuku zikafika jioni ile ile, na viti vya watu. Tangu hapo bosi akawa anaingia bandani kwa kunyata, anamsalimia kila mtu kwa kunong'ona. Trei zikajaa mpaka zikakosa pa kuwekwa.

"Kumbe kuku nao wanataka heshima," bosi alimnong'oneza Sikudhani.

"Sana, bosi," alijibu, amejinyoosha chini ya feni.

Nyuma ya banda, kikaango ambacho wafanyakazi walikuwa wakikaangia mayai ya bosi kila alipowatukana kilikuwa kimeanza kushika kutu.