Viazi vya Bi Mize

Bwana Shaame alinunua shamba zima huko Pemba, pamoja na kipande alichokilima Bi Mize tangu usichana wake. Asubuhi ya pili alikuja na sheha, kiongozi wa mtaa, kumwambia ahame.

"Shamba ni lako, bwana," alisema Bi Mize kwa upole. "Lakini viazi vikuu nimepanda mimi. Niache nivune. Siku mashimo yakiwa hayana kitu changu, nitaondoka mwenyewe."

Bwana Shaame, aliyevijua viazi vikuu vikiwa sahanini tu, vimeungwa kwa tui, aliona hilo jambo dogo. Makubaliano yakaandikwa, akatia sahihi, na sheha, mtoto wa mkulima, akashuhudia.

Viazi vilipokomaa, Shaame alileta vibarua sita kwa gharama yake. Bi Mize alimshukuru sana. Wao walichimba, naye akafuata nyuma na kisu, akikata, kujaza makapu na kufukia mashimo. Adhuhuri kazi ilikwisha.

"Haya bibi, funga virago."

"Bado, mwanangu. Hebu fukua shimo lolote."

Shaame aliinama, akafukua kwa mkono. Akatoa kipande cha kiazi chenye mizizi.

"Umesahau hiki."

"Sikusahau. Hicho ndicho kichwa. Kiazi kikuu hukatwa, kichwa kikarudishwa shimoni kichipue tena. Mama yangu alivirudisha hivyohivyo, miaka yote."

Shaame alimgeukia sheha. Sheha alikuwa akitazama minazi.

Bi Mize alimkabidhi kapu moja. "Hivi vyako, vya tui. Na mwakani, bwana, vibarua waje mapema kidogo. Leo jua limetuchoma."