Wimbo wa Bibi na Visanduku Vitatu vya Komba

Watoto, masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo.
Yamelala au yako macho?
Yako macho, tusimulie.

Basi fumbeni macho, mwone chumba kidogo chenye mablanketi ukutani ili kelele za nje zisiingie. Ndani yuko Komba, mnyama mdogo mwenye masikio makubwa. Mbele yake kuna kinasa sauti, na humo umo wimbo wa bibi yake wa kubembeleza watoto. Bibi aliuimba jikoni huku akikaanga mihogo. Sasa bibi amezeeka, sauti imemkauka, haimbi tena. Wimbo umebaki huo mmoja tu.

Komba alikuwa na visanduku vitatu vya kutengeneza sauti. Kimoja ni Chujio, huondoa makelele. Kingine ni Kibano, hushusha sauti kubwa na kupandisha ndogo. Na kile kikubwa kuliko vyote ni Mwangwi, huifanya sauti ivume kama iko pangoni.

Mara, gudu, gudu, gudu. Mlango ukang'oka. Kiboko akaingia.

"Wewe kimasikio, nasikia una wimbo."

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Ninao, ni wa bibi."

"Sasa ni wangu. Jioni kuna ngoma ya mavuno, na mwenye wimbo mzuri anapewa matikiti yote. Nitasema ni bibi yangu mimi."

Komba akaona mikono yake haiwezi kushindana na kinywa kile. Akainama.

"Chukua, bwana. Lakini unganisha Chujio kwanza, kisha Kibano, na Mwangwi uwe mwisho. Naapa."

Kiboko akacheka, ho, ho, ho. "Juzi uliniambia mto una kina. Nikaruka, nikakwama kwenye tope hadi jioni. Leo unaapa? Ukisema kwanza, najua ni mwisho."

"Nakusihi, bwana, Mwangwi usitangulie."

"Tena kikubwa lazima kitangulie. Tukienda kunywa maji, nani hutangulia?"

"Wewe, bwana."

"Basi nyamaza."

Jioni Kiboko akabeba kila kitu hadi uwanjani, Komba akimfuata nyuma. Wanyama wakajaa. Wimbo ukapita kwenye Mwangwi. Mafuta ya mihogo yakavuma, chwaa, chwaa, chwaa. Ukapita kwenye Kibano. Bana, bana, bana. Bibi akashuka, mafuta yakapanda. Ukapita kwenye Chujio. Chujio likachuja, likachuja, likachoka. Lingechuja nini tena? Bibi na mafuta walishakuwa uji mmoja.

Swala akainua shingo. "Bwana Kiboko, samahani. Bibi yako anaimba, au anakaangwa?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Nani kasema ni bibi yangu?" Kiboko akafoka. "Ni bibi wa huyu. Shika takataka zako, kimasikio." Akamtupia kila kitu, akakimbilia mtoni, chubwi.

Komba akakishika kinasa sauti kwa mikono miwili. Akakisikiliza. Wimbo wenyewe ulikuwa salama, kwa sababu visanduku hubadili sauti inayopita tu, havigusi iliyohifadhiwa. Komba akashusha pumzi ndefu.

Kisha akaunganisha upya. Chujio, na mafuta yakanyamaza. Kibano, na sauti ya bibi ikatulia. Mwangwi kidogo tu mwishoni, na sauti ikajaa uwanja mzima. Mtoto wa Swala akalala. Swala akalala. Tembo akalala, khoo, khoo. Hata mgawa matikiti akalala, na matikiti hayakugawiwa.

Waliobaki macho ni wawili. Bibi alikuwa amekaa pembeni, khanga begani, anasikiliza.

"Mjukuu wangu," akasema kwa sauti yake iliyokauka, "kumbe niliimba hivi?"

"Ndivyo, Bibi."

"Hebu rudia."

Komba akarudia.

Hadithi imefika kwake, nami nimefika kwangu. Na fundisho lake ni hili: kusikia ukweli ni hatari sana. Kiboko aliambiwa ukweli mtupu, na mliona alivyoaibika.

Ila nawaomba, wanangu, mkumbuke jambo moja tu: sauti husafishwa kwanza, ndipo ibanwe.