Wafanyakazi Kumi wa Bwana Kiboko

Paukwa?

Pakawa.

Mbona mnaitika kama mmefunga? Nimeacha kunde zangu jikoni kwa ajili yenu. Paukwa?

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Tuambie wewe mwenye mdomo.

Palikuwa na mto. Kivukoni pakawa na hoteli, hotelini pakawa na Kiboko, na chini ya Kiboko pakawa na sanduku. Sogeeni basi, na wewe wa mlangoni weka hiyo simu mfukoni.

Haya. Bwana Kiboko alikuwa na hoteli pale kivukoni, ugali na kunde asubuhi, ugali na kunde jioni, na wanyama wa nchi nzima walikula kwake kwa kuwa hapakuwa na pengine. Waliopika, walioosha vyombo, waliochota maji na kukata kuni walikuwa nguchiro kumi, wageni kutoka ng'ambo ya mto. Huko kwao ukame ulikuwa umemaliza kila kitu, hata panzi. Nguchiro mnamjua, yule mnyama mdogo mwenye mkia mrefu, anayesimama kwa miguu miwili kuchungulia mambo ya watu.

Sasa nchi ile ilikuwa na sheria zake. Mgeni hafanyi kazi bila kibali, na kibali kilikuwa kigae cha kibuyu kilichochorwa jina lake na jina la mwajiri wake. Ukifukuzwa kazi, kibali kimekufa, na una siku saba tu uwe umevuka mto kurudi kwenu. Vigae vyote kumi Kiboko alivitia sandukuni, na sanduku akalikalia. Ukimwomba ruhusa ukamzike mama yako, anaguna, puuu, anapapasa sanduku, nawe mwenyewe unarudi kwenye masufuria. Majina ya watu wake hakulijua hata moja. Wote aliwaita "Wee." Wee, lete maji. Wee, ongeza kuni. Wakiitika wawili, anamfokea wa tatu.

Mpishi wake aliitwa Siwema. Alikuwa na mikono myepesi na ulimi mfupi, maana alishajifunza kwamba kwa Kiboko neno moja la ziada ni safari ya mtoni. Alinyamaza, akapika, akasikiliza. Ninyi mnaosema sana mmemsikia huyo.

Basi siku moja ikaingia Chafya. Chyaa huku, chyaa kule, twiga akipiga chafya ndege wanahama mti. Baraza la Simba likatoa amri: kila mnyama avae barakoa ya jani la mgomba, kila mmoja akae mbali na mwenzake urefu wa chatu mzima, na vivuko vyote vifungwe. Hoteli ikakosa wateja. Kiboko akatazama sufuria, akatazama nguchiro, akahesabu vinywa kumi. Siku hiyo hiyo akafukuza tisa. Siwema alimbakiza kwa sababu yeye mwenyewe hata kuchemsha maji hakujua.

Mtaniuliza, hao tisa watavukaje nawe umesema vivuko vimefungwa? Swali zuri, nao waliuliza. Wakaambiwa sheria ya kurudi kwenu iko pale pale, na mtumbwi hakuna, kwa hiyo atakayerudi aogelee. Na mtoni mlikuwa na mamba, ambao nao tangu Chafya ianze walikuwa hawajapata mteja.

Wale tisa wakajibanza kwenye matete wakihesabu siku. Miongoni mwao alikuwamo Tunu, mdogo wake Siwema tumbo moja, mwenye vichanga wanne ambao hata macho hawajafumbua. Kila jioni Siwema aliwapelekea ukoko aliokwangua sufuriani, na kila jioni Tunu alimwuliza swali moja, kama vichanga wanaweza kubebwa kwa meno huku mtu anaogelea. Siwema alikuwa akirudi hotelini analia njia nzima, akifika mlangoni anajifuta.

Siku ya nne likaja tangazo. Baraza limeona biashara zinakufa, basi mwajiri yeyote aliyebaki na wafanyakazi wake atapewa ruzuku, gunia moja la mtama kwa kila kichwa, kila mwezi, mpaka Chafya iishe. Siwema aliposikia aliangusha mwiko. Akakimbia, tipu tipu tipu, mpaka kwa Kiboko, akamwambia awaite wenzake warudi, serikali imetoa chakula chao.

Kiboko akafikiri. Alikuwa akifikiri polepole na mdomo wazi.

"Nikiwaita watakula," akasema.

"Si gunia ni lao, Bosi?"

"Gunia ni la kichwa. Tumbo halikutajwa."

Akapeleka habari kwa Baraza kwamba yeye, kwa huruma yake, hajafukuza mtu, na anao kumi. Habari ikajibiwa: vizuri sana, siku ya sita Afisa Kazi atakuja kuwaona.

Kiboko hakushtuka. Alimwita Siwema, "Wee," akampa mpango. Nguchiro wote wanafanana, na sasa nyuso zimefunikwa majani. Kwa ajili ya Chafya wataingia mmoja mmoja. Afisa Kazi ni Mzee Kobe, macho yake yamechoka. Kwa hiyo Siwema ataingia kwa mlango wa mbele, atatoka kwa wa nyuma, atazunguka jiko, ataingia tena, mpaka atimie kumi. Akikataa, na hapo Kiboko akapapasa sanduku, naye mto anaujua.

Siwema aliumia, tusifichane. Avae majina ya watu wengine ili huyu bwana ale mtama wao, na wao wako matetani wamebakiwa na siku chache. Alitaka kumtemea mate. Badala yake akauliza kitu kimoja: hao tisa wataitwa nani?

"Tunga wewe," akasema Kiboko. "Nani ana nafasi ya kujua majina ya nguchiro?"

Hapo hapo Siwema akaacha kuumia. Akamtajia majina tisa, polepole, na Kiboko akayarudia mpaka yakakaa: Pazi, Tunu, Chande, Kirobo, Mosi, Zena, Machano, Shomari na Nyamizi.

Siku ya sita, jua la asubuhi, Mzee Kobe akafika. Alikuwa ameondoka kwake siku mbili nyuma na hoteli ilikuwa inaonekana kutoka mlangoni pake. Akaweka kapu la vigae vipya chini, akavichora majina kumi aliyotajiwa na Kiboko, akaomba sinia la ugali na kunde. Msidhani alikuwa na njaa. Desturi ya nchi ile, kazi haithibitishwi kwa mdomo: mwajiri na mwajiriwa wanakula tonge moja moja kutoka sinia moja mbele ya Afisa Kazi. Mkishakula hivyo, hakuna kumfukuza mwenzako mpaka janga liishe. Na mwajiri atakayekula tonge na mtu wa uongo, hoteli inafungwa na bwawa lake anapewa mwingine. Yote hayo Kiboko aliyajua. Ila alijiambia, mtu asiyekuwepo nitamfukuzaje, na yeye atadai nini?

Tena Kobe akasema kuna amri mpya: kibali sasa kinashikwa na mwenyewe, si mwajiri. Kiboko akacheka tumboni. Hao wenyewe wote si walikuwa Siwema?

Siwema akaanza kwa jina lake mwenyewe. Tonge kwa Kiboko, tonge kwa Siwema chini ya jani la barakoa, Kobe akampa kigae, akafunga fundo kwenye kamba yake. Siwema alikishika kigae chake kwa mara ya kwanza, ila hapakuwa na wakati wa kukitazama. Akatoka nyuma, tipu tipu tipu, akazunguka jiko, akaingia mbele.

"Pazi," akaita Kobe.

"Labeka."

Tonge kwa Kiboko, tonge kwa Pazi. Kigae, fundo. Akatoka nyuma, tipu tipu tipu, akazunguka jiko, akaingia mbele.

"Tunu."

"Labeka."

Tonge kwa Kiboko, tonge kwa Tunu. Kigae, fundo. Akatoka nyuma, tipu tipu, akazunguka jiko.

"Chande."

"Labeka."

Matonge ya Kiboko yalikuwa ya kiboko, na alikuwa anafurahia kazi hii ya kiserikali. Lakini Siwema, aliyeishi kwa ukoko tangu Chafya ianze, alipofika Mosi tumbo lilikuwa ngoma. Kwa Zena mbio zikageuka mwendo wa bata. Kwa Machano akaingia akiwa na kwikwi.

"Hik. Labeka."

Kobe akainua shingo. Akamtazama Machano muda mrefu. Siwema akaona matete, akaona mto, akaona Tunu na vichanga mdomoni. Kobe akasema ni jambo geni, maana hata Zena alitoka na kwikwi.

"Ni ukoo mmoja," Kiboko akadakia. "Kwikwi iko kwenye damu yao."

Kobe akasema, "Aa." Akatoa kigae, akafunga fundo. Shomari akaingia na kwikwi, Nyamizi akaingia na kwikwi ameshika ukuta. Mafundo yakawa kumi. Kobe akamtakia Kiboko baraka kwa moyo wake mkubwa, akajitwika kapu lake tupu, akaanza safari ya kurudi.

Na hapo, jamani, ndipo mjue faida ya serikali kwenda polepole.

Kiboko alijilaza chali akiota mtama. Siwema akasema anakwenda kumwaga maji machafu. Akachukua ndoo, na ndani ya ndoo vigae tisa. Alikimbia na tumbo lile lile na kwikwi zile zile mpaka kwenye matete, akaita jina kwa jina, akampa kila mmoja chake. Tunu alikigeuza mara tatu akikinusa. Akaketi chini kwenye tope akaanza kucheka na kulia pamoja, na wengine wote wakafanya hivyo hivyo, mpaka Mzee Nyamizi akawakumbusha kwamba kazini watachelewa.

Kiboko alifumbua macho akakuta hotelini nguchiro kumi. Mmoja anapepeta, mmoja anachochea moto, mmoja amelaza vichanga wanne kwenye ungo karibu na jiko. Akasimama, nchi ikasema du.

"Ninyi ni nani?"

Wakamjibu, mmoja mmoja, kutoka urefu wa chatu kama sheria inavyotaka. Pazi. Tunu. Chande. Kirobo. Mosi. Zena. Machano. Shomari. Nyamizi. Kiboko alipanua mdomo kuwafukuza, nao ukabaki wazi, kwa sababu nje ya mlango alisikia kitu kinakwaruza, kwaru, kwaru. Mzee Kobe alikuwa bado hajatoka uani.

Kobe akageuza shingo, kidogo kidogo, mpaka akamkabili.

"Kuna tatizo, Bwana Kiboko? Hawa si watu wako?"

Siwema alishika mwiko kwa mikono miwili. Kiboko akitamka siyo, amekula tonge na watu wa uongo, bwawa limekwenda. Akitamka ndiyo, atalisha watu kumi mpaka Chafya iishe. Jasho likamtoka yule bwana, na wote tunajua jasho la kiboko ni jekundu.

"Ni wangu," akasema.

"Hata mimi nimewatambua," akasema Kobe.

Siwema akaketi sakafuni. Tangu avuke mto ule miaka mitatu nyuma hakuwahi kuketi mchana. Alishusha pumzi mpaka kwikwi ikakatika, akatoa kigae chake, sasa akakitazama vizuri, akakitazama tena. Kobe alipokuwa anaanza tena safari, maana kuanza kulimchukua muda, alimnyooshea shingo pale mlangoni akamwambia kwa sauti ndogo, "Pumzika, mwanangu. Leo umefanya kazi ya watu kumi."

Magunia kumi yalikuja, na kumi wakala. Vichanga wakafumbua macho yao ndani ya ungo, na kitu cha kwanza walichokiona ni sufuria. Kiboko akajifunza majina yote kumi, lipi la nani, kwa shida, kwa kuwa kila mwezi Kobe alimtaka ayataje kabla ya kutoa mtama. Chafya ilipoisha wateja wakarudi, wakakuta hoteli ya kivukoni ndiyo pekee yenye wapishi, na Kiboko akasifiwa barazani kwa kutotupa watu wake wakati wa shida. Alipokea sifa hizo bila haya yoyote.

Hadithi imefika mlangoni na viatu vimeshavaliwa. Ikiwa tamu, gawaneni njiani. Ikiwa chungu, niachieni nilalie kunde zangu, ambazo najua zimeungua.

Na fundisho lake? Kwanza, msimseme vibaya Bwana Kiboko, hakudanganya serikali hata kidogo. Alisema ana watu kumi, na kumi wakaonekana. Pili, ninyi wadogo, acheni ujanja, watiini wakubwa wenu kazini. Mtazameni Siwema. Bosi wake alimwamuru awe watu kumi, na kabla jua halijatua, akawa.