Cherehani Kimoja, Mlango Mmoja

Hapo zamani, zamani ya vyerehani vya umeme na si ile ya majini na masultani, palikuwa na kiwanda cha kushona mapazia. Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza, na sitaki mtu aniambie alikuwa anapiga miayo.

Kiwanda kilikuwa na milango miwili: wa mbele wa kuingilia, na wa nyuma wa dharura. Hapo nyuma wapagazi walipenda kurundika marobota ya vitambaa. Kila asubuhi mshonaji Sikudhani aliyasogeza, akaacha njia wazi. Wenzake wakamcheka, "Mama Mlango, hujachoka tu?" Kesho yake marobota yamerudi, naye akayasogeza tena. Miaka kumi na mmoja! Na miaka yote hiyo alitamani kitu kimoja, cherehani chake mwenyewe.

Mlango huo wa nyuma aliupachika seremala Mwinjuma, akakosea: badala ya kufungukia ndani, ukafungukia nje. Mwenye kiwanda, Bwana Shekuwe, akafoka, "Ugeuze!"

Mwinjuma akakuna kichwa. "Bosi, nimekosea kweli. Lakini ukifungukia ndani, siku ya hatari watu watausukuma na kuubana wenyewe. Siugeuzi."

Akafukuzwa siku hiyohiyo, na mlango ukabaki vilevile.

Adhuhuri moja waya ukapiga shoti, moto ukashika mlango wa mbele. Taa zikazimika, moshi ukajaa, watu thelathini hawaoni hata kidole. Mama Rehani, muuza uji, alikuwa ameshatoka na ndoo zake, yuko uani salama salimini. Akalowesha kanga, akajifunika pua, akauvuta mlango wa nyuma, akarudi ndani, nao ukajifunga nyuma yake.

"Ujiii! Uji moto! Fuateni sauti! Ujiii!"

Sauti hiyo waliijua, waliisikia kila siku saa nne. Sikudhani akaifuata, wote wakaifuata. Hakuna aliyejikwaa. Mlango ukasukumwa mara moja, ukafunguka. Thelathini waliingia kazini, thelathini wakatoka.

Bwana Shekuwe akalia hadharani, bila aibu. Akamwita na Mwinjuma. Cherehani kimoja tu kilikuwa kimepona. "Ni chake aliyewaokoa watu wangu."

"Ni changu," akasema Sikudhani. "Nisingesogeza marobota, mngeangukiana."

"Ni changu," akasema Mwinjuma. "Ningeugeuza, mngefia mlangoni. Nimepoteza kazi kwa ajili ya mlango huo."

"Ulikosea tu!" akadakia Sikudhani.

"Nilikosea mara moja. Kukataa nilikataa kwa akili zangu."

Mama Rehani akajifuta masizi. "Njia ilikuwa wazi, mlango mzuri, na bado mlikuwa mnapapasa kuta. Mimi nilikuwa nje. Nani alinilazimisha kurudi?"

Sikudhani akakishika cherehani. Anakitaka, jamani, anakitaka kweli. Lakini mapafu yake yanajua alitoka kwa sauti ya nani, na bega lake linajua mlango ulifunguka upande gani. Akakiachia, akamtazama Bwana Shekuwe. Naye Bwana Shekuwe akatutazama sisi.

Haya, mliokuwa mnapiga miayo: je, nani akibebe?