Ufunguo wa Ghala Hauendi Harusini

Ufunguo wa ghala hauendi harusini. Ndivyo nilivyomwambia mwalimu mkuu leo asubuhi, na nilimwambia mbele yenu makusudi. Sanduku la huduma ya kwanza limo kabatini, kabati limefungwa, na ufunguo umo mfukoni mwa mwalimu wa zamu, ambaye amekwenda mjini kunyoa nywele. Mtoto wa watu anachuruzika damu gotini, nanyi mnahangaika kumfunga kwa kitambaa cha kufutia ubao. Halafu mnaniuliza huku mnacheka, bibi, ghala gani, na harusi ya nani? Haya, sogeeni. Msemo huo ulizaliwa hivi, na hakuna aliyecheka siku ulipozaliwa.

Katika kijiji cha Nyamkongo, kando ya mto Rufiji, enzi ambazo simu za mkononi bado hazijatufikia, aliishi mama mmoja aliyeitwa Somoe binti Ngwele. Somoe hakuwa mgomvi. Tatizo lake ni kwamba akiona jambo la kijinga alishindwa kunyamaza, na Nyamkongo palikuwa hapampi nafasi ya kupumzika.

Mwaka mmoja mto ulifurika vibaya, ukala mashamba na nyumba. Maji yalipopungua walikuja watu wa shirika moja la misaada. Waligawa unga na mablanketi, kisha wakasema kwamba unga utaliwa utakwisha, lakini mto upo na utarudi, kwa hiyo kijiji kijiwekee vifaa vyake. Wakaleta boti ya plastiki ngumu ya kubeba watu wanane, kamba ndefu, maboya ya kuvaa kifuani na machela. Wakasema jengeni ghala, undeni kamati ya maafa. Wanakijiji wakapiga makofi, na kwa kweli walijenga kwa moyo.

Sasa sikilizeni kosa lilipoingilia. Hawa walikuwa watu walioumwa na nyoka. Viti vya shule vilikuwa vimeazimwa kwa sherehe vikarudi nusu. Turubai la zahanati lilikwenda kwenye ngoma likahamia huko huko. Basi kwenye kikao cha kamati hakuna aliyeuliza vifaa vitatoka vipi siku ya maji. Swali lilikuwa moja tu, mwizi ataingilia wapi. Fundi Mtupa, mwashi wao, akajenga ukuta wa matofali ya saruji, akaujaza zege, asiweke dirisha hata moja. Mlango ukawa wa chuma. Likanunuliwa kufuli kubwa, nalo lilikuja na funguo tatu.

Ufunguo mmoja akapewa Mzee Pazi, kaka yake Somoe, kwa sababu Nyamkongo nzima hapakuwa na mtu mwaminifu kumzidi. Hizo mbili nyingine, mnajua walizifanya nini? Mwenyekiti Ligongo alisema funguo nyingi ni mikono mingi, na mikono mingi ndiyo wizi wenyewe. Wakaandamana hadi mtoni, wakasoma dua, wakazitupa majini mbele ya mashahidi. Watu wakashangilia kana kwamba wamemzika mwizi.

Somoe alikuwa shambani siku hiyo. Alipohadithiwa jioni, aliweka mwiko chini.

"Mmezitupa mtoni? Mto ule ule tunaoukimbia?"

"Tumeziba mwanya, dada," akasema Pazi. "Ule uliobaki ni amana. Sitauweka mahali wala sitampa mtu. Utakaa shingoni mwangu mpaka nife."

"Na ukisafiri?"

"Nitakuwa nao."

"Kaka, hilo ndilo ninalokuuliza."

Pazi akacheka, akamwambia aache uchuro. Akautia ufunguo uzi mweusi, akauvaa.

Na hapa mniangalie vizuri, maana hapa ndipo penye akili. Mtu mwaminifu hakai nyumbani. Nani anaitwa kupeleka posa? Mwaminifu. Nani anasimamia mirathi, nani anasuluhisha mke na mume, nani anakaa na mahari mpaka siku ya ndoa? Ni huyo huyo. Pazi alikuwa hapumui kwa mialiko, na kila alipokwenda ufunguo ulikwenda naye. Somoe alilisema hilo kwa Mwenyekiti. Akalisema tena kikaoni, akajibiwa kwamba anamwonea kaka yake wivu. Akaenda zake, amechoka nao.

Msimu wa mpunga kuiva ulipofika, binti yake Somoe, Siwatu, alihamia bondeni kulinda shamba dhidi ya ndege na nguruwe. Alikaa kwenye dungu, kile kibanda kinachoinuliwa juu ya miguu ya miti, pamoja na mwanawe mchanga. Wakati huo huo kukawa na harusi kubwa ng'ambo, na aliyepeleka posa alikuwa Pazi. Nusu ya kijiji ilivuka kwenda kula pilau, na mitumbwi yote ikaenda nao. Mume wa Siwatu naye alivuka, maana yeye ndiye aliyekuwa mpiga ngoma.

Asubuhi ya siku ya pili jua lilikuwa limewaka, mbingu nyeupe, hata tone la mvua hakuna. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu bara, ambako hakuna aliyeiona. Mto ukapanda kimya kimya, ukavuka kingo na kushuka bondeni. Waliokuwa mashamba ya karibu walikimbia. Dungu la Siwatu lilikuwa mbali, na kati yake na nchi kavu palikuwa na mkondo wa zamani uliokuwa umekauka. Mkondo ule ukajaa, maji yakakimbia kwa nguvu. Somoe alifika ukingoni akamwona mwanawe amesimama juu ya dungu, mtoto mgongoni, akipunga kanga.

Hakupiga kelele. Alirudi mbio hadi ghalani, akamkuta Mwenyekiti Ligongo amesimama mbele ya kufuli, amefunga mikono kifuani.

"Fungua," akasema Somoe.

"Ufunguo anao Pazi."

"Najua anao Pazi. Vunja."

"Mama Siwatu, hii ni mali ya wafadhili. Haivunjwi hivi hivi. Lazima kamati ikae."

"Kamati iko wapi?"

Mwenyekiti akatazama chini. "Iko harusini."

"Basi nenda kauombe mto ukupe zile funguo zako mbili. Si uliupa wewe kwa dua?"

Fundi Mtupa alikuwa amekuja na nyundo. Aligonga kufuli hadi nyundo ikaruka mpini. Akagonga ukuta, ukuta ukamtazama. Somoe akamuuliza kama hakuna pahali palipo dhaifu, naye, mngeamini, akajibu kwa sauti ya mtu anayejisifu bila kutaka, "Mama, niliujenga usivunjike." Somoe akahisi machozi ya hasira yanampanda, akayarudisha. Hapakuwa na wakati wa kulia kwa ajili ya wajinga.

"Bati je? Bati nalo ulilitia zege?"

Mtupa akatazama juu. Wakaegemeza ngazi, akapanda, akaanza kung'oa misumari. Mwenyekiti alikuwa chini akiwaomba watu wote wawe mashahidi kwamba yeye hakuruhusu. Bati mbili zikatoka, Mtupa akachungulia, na boti ilikuwa mle ndani, nzuri, mpya, bado ina nailoni yake. Lakini mbao za paa alikuwa amezipanga karibu karibu, mwizi asipite, na penye nafasi ya bega la mtu boti haipiti. Alinyoosha mikono, akaigusa boti, ikabidi aiache. Alichoweza kutoa ni kamba na maboya mawili.

Walipofika ukingoni maji yalikuwa yanalamba sakafu ya dungu. Mtupa akavaa boya moja, akalishika lile la pili, akafungwa kamba kiunoni. Wanaume waliobaki, wengi wao wazee, wakaishika ncha. Somoe alikuwa mbele yao wote, kamba ameizungusha kiganjani. Mtupa aliogelea akisukumwa upande, akakosa dungu mara ya kwanza, wakamvuta, akaingia tena kutokea juu zaidi, akalidaka.

Hapo sasa. Boti ingebeba watu wanane. Kamba ilikuwa na mwogeleaji mmoja, na mwogeleaji mmoja hawezi kumshika mama asiyejua kuogelea na mtoto kwa pamoja kwenye maji yale. Siwatu hakungoja kuambiwa. Alimfungua mtoto mgongoni kwake, akamfunga mgongoni kwa Mtupa kwa kanga zote mbili alizokuwa nazo, akakaza fundo kwa meno. Kisha akavaa lile boya na kukaa peke yake, na dungu limeanza kuinama.

Mtoto akafika amekunywa maji, bluu midomoni. Somoe akampindua, akampiga mgongoni, akatapika na kulia, na kile kilio kilikuwa kitamu kwa kila aliyekisikia. Lakini Somoe hakupata hata nafasi ya kumpakata. Alimtupia jirani, akarudi kwenye kamba, maana Mtupa alikuwa ameshaingia tena majini na mikono yake ilikuwa imeanza kuchoka. Safari hii aliposhika mti wa dungu, mti ukang'oka naye. Siwatu akaanguka majini juu yake. Wazee wakavuta, Somoe akavuta mpaka kamba ikamchana viganja, akawa anasema maneno ambayo sitayarudia mbele ya watoto wa shule, yote akimwambia Mwenyekiti. Wakawatoa wawili hao wameshikana, hai, kwenye matope. Walipogeuka kutazama, dungu halikuwepo.

Kesho yake mitumbwi ilirudi. Na mnadhani kikao kiliitwa kwa ajili gani? Kumshukuru Mtupa? Kumpa pole Siwatu? Mwenyekiti alifungua kwa kusema kwamba paa la ghala limeharibiwa bila kibali, bati limepinda, na watu wa shirika wakija tutawaambia nini. Wakamtazama Somoe. Somoe alikuwa amekaa na viganja vimefungwa vitambaa. Alichoka. Akawaza, hawa niwaache tu, mto utawafundisha siku nyingine.

Ndipo Pazi akasimama, kanzu yake bado ina harufu ya udi. Alikuwa mtu mwema, msinielewe vibaya. Alikuwa ametishwa na habari zile, na katika kutishwa kwake alishika kitu pekee alichokuwa na uhakika nacho. Akauvua uzi shingoni, akauinua.

"Jamani, mimi amana yenu sikuichezea. Ufunguo huu hapa. Nimelala nao, nimeoga nao, sijamwachia mtu hata dakika moja. Uko salama."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Wallahi, wakaitikia. Na hapo Siwatu, aliyekuwa nyuma na mtoto wake, sauti imekwama kwa maji aliyokunywa, akauliza taratibu.

"Mjomba, harusi ilifana?"

"Ilifana, mwanangu, lakini..."

"Bibi harusi alipendeza?"

"Alipendeza."

"Na ufunguo, ulikaribishwa? Uliwekewa sahani yake? Maana mwanangu jana alikunywa maji ya mto, na ufunguo ulikuwa unakula pilau."

Hakuna aliyecheka. Pazi aliutazama ufunguo mkononi kama mtu aliyeshikishwa kitu na mgeni. Akamtazama mtoto. Na yule mzee ambaye wilaya nzima ilimtegemea kwa maneno akaanza kulia, hana hata aibu ya kujifuta. Kisha akavuka kikao chote, akainama mbele ya mpwa wake, akaweka ufunguo mapajani pake.

"Mimi niliwatunzia kufuli," akasema. "Sikuwatunza nyinyi."

Kufuli lile walilikata kwa msumeno wiki hiyo hiyo. Wakatia jipya, na funguo zake zote tatu zikagawanywa kwenye nyumba tatu zilizo karibu na ghala, moja ikiwa ya Somoe. Sharti likawa kwamba anayetoka, hata kama anakwenda kisimani tu, anaacha ufunguo nyuma. Pazi aliendelea kualikwa, kwa kuwa uaminifu wake haukuwa na kasoro. Lakini kila alipojiandaa kuondoka, kabla hajavaa kofia, alikuwa akiwafungulia kifua cha kanzu wanawe na wajukuu waone kwamba shingoni hamna kitu, na kuwaambia lile alilolijua yeye kuliko mtu yeyote: ufunguo wa ghala hauendi harusini.