Sweta la Mkono Mmoja

Ndugu zangu, kabla hatujafungua Maandiko, nipeni masikio kidogo. Kulikuwa na binti mmoja, mzaliwa wa Kyela, kule ambako watu wanalala bila shuka, akaolewa Makete. Makete hiyo hiyo ya baridi ya kugonganisha meno! Na katika ukoo alioolewa walikuwa na desturi yao: sweta la kwanza ambalo mkamwana anafuma kwa mkono wake, mama mkwe ndiye analivaa. Mumewe akamnong'oneza, "Mama atakwenda nalo kanisani. Wote wataliangalia."

Maskini, mwanaume alidhani anamtia moyo. Kumbe kamtia hofu.

Jirani akamfundisha sweta rahisi kufuma kuliko yote: la kuachia, wazi mbele toka shingoni hadi chini, halina kifungo wala zipu. Binti akashika sindano. Akafuma mgongo, akafuma pande za mbele, akafuma mkono mmoja, akalitandaza kitandani alikague. Lo! Mgongoni kitanzi kimoja kilikuwa kimeponyoka, kimeacha katundu ka kupitisha punje ya ulezi. Nani angekaona? Lakini yeye alikaona, na tayari akawasikia wanawake wa kule kanisani wakisema, huyu wa Kyela hajui kitu. Akafumua sweta zima, akaanza upya. Safari hii bega likapinda. Akafumua tena!

Mnacheka? Chekeni tu. Wakati huo kipupwe kimeingia, na kila asubuhi mama mkwe yuko jikoni, kajikunyata ndani ya khanga, anakohoa.

"Mama, vumilia, bado kidogo," binti anamwambia. "Nataka liwe zuri, usije ukaona aibu mbele za watu."

"Haya, mwanangu," mama anajibu, na kikohozi juu.

Basi, asubuhi moja binti kaamka alifumue tena, maana ameona kosa jingine mgongoni. Anaangalia kapuni, sweta hakuna. Anakimbilia jikoni, na nani ameketi kwenye kigoda? Mama mkwe, amelivaa! Mkono mmoja umefunikwa, mwingine uko wazi, donge la uzi liko mapajani.

"Mama! Halijaisha!"

"Na baridi je, imeisha?"

"Basi livue kidogo tu, nirekebishe hapo mgongoni."

"Sivui ng'o! Mgongoni mimi sina macho, mwanangu, nina baridi. Lete sindano zako, kaa hapa, ufume huo mkono wa pili."

Binti akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akaketi ubavuni mwa mkwewe, akaanza kufuma pale pale begani, wanapiga soga, chai inachemka. Tangu aolewe hakuwahi kujisikia yuko kwao namna ile.

Sisi je? Nani humu hana sweta alilolificha kapuni? Kuna mgonjwa hujakwenda kumwona, eti unangoja upate cha kumpelekea. Kuna ndugu hujamwomba radhi, unatafuta kwanza maneno mazuri. Tunasema tunawapenda, kumbe tunaogopa macho ya watu, na wao wanatetemeka jikoni kwetu! Ukitoka hapa leo, hata kabla ya chakula, nenda ukampe sweta lake hivyo hivyo lilivyo, na tundu lake. Mkono wa pili utaufuma akiwa amelivaa.